Muulize Fundi Wako

12 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limekubali tena kupanda ngazi za posta. Mama anakusalimu sana. Kile kikohozi kimemwacha. Mdogo wangu anakusalimu pia. Siku hizi anaitwa Meneja, jina alilojipa mwenyewe kisha akajifanya kuchukia watu wanapolitumia. Karakana iko palepale, mabegi yananing'inia mlangoni kama zamani, na ile cherehani kubwa inaanza kunguruma kabla hatujanywa chai. Baba hajambo. Ninaandika "hajambo" kwa sababu ndivyo anavyoonekana kwa mbali, na kwa sasa mimi ninamwona kwa mbali tu.

Nimerudi, Shangazi. Bila shaka umekwisha kuambiwa. Mwaka mmoja na nusu nimelala katika hosteli za vitanda vya kupandana, nimeosha sufuria za watu ili nipewe kitanda, nimesafiri kwa mabasi ya usiku ili usiku huo nisilipie chumba. Nilifika nyumbani Alhamisi mchana, viatu vimefungwa kwa kamba, shanta mgongoni. Shanta hilo unalijua, ndilo alilonishonea Baba kwa turubai la kijani nilipoondoka. Alinivalisha mwenyewe, akakaza mikanda, akasema, "Wewe utachoka. Hili halitachoka."

Mama alilia. Meneja alicheka viatu vyangu. Majirani wakaja mmoja mmoja, na kila aliyekuja aliuliza, "Kiguu, umetuletea nini?" Ndiyo, Kiguu, jina lenyewe la kiguu na njia wamelikata ili liwe rahisi kuita. Nikawajibu kwamba nimejileta mwenyewe. Hakuna aliyecheka.

Baba hakuuliza kitu. Alinipokea shanta, akaliweka juu ya meza ya wateja, akalipitishia vidole kuanzia juu hadi chini kama anavyofanya kwa kila kazi yake inayorudi. Vidole vikasimama kwenye mkanda wa kushoto.

"Nani ameshika hapa?"

"Liliharibika njiani, Baba. Fundi mmoja wa huko alinisaidia."

"Fundi gani?"

"Fundi tu. Wa stendi."

Akalisukuma shanta upande wangu, akarudi kwenye cherehani. Tangu siku hiyo nikimwambia neno, lolote lile, jibu ni moja. Nikiuliza mkasi mdogo uko wapi: "Muulize fundi wako." Nikiuliza kama atakunywa chai sasa au baadaye: "Muulize fundi wako." Jana nilimwambia mvua inakuja, akasema hivyohivyo.

Shangazi, wewe ni dada yake mkubwa, na umekaa katika karakana hiyo kabla yake. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Kiguu


2 Februari

Binti wa ndugu yangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia, nayo nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha. Goti halijambo asubuhi, jioni lina maneno. Masikio yangu yamestaafu kabisa, kwa hiyo mwambie Meneja asiendelee kunipigia simu. Ninaona taa inawaka na sisikii kitu, ni kama kuzungumza na tochi. Nimepata mpangaji mpya katika chumba cha uani. Majirani wanasema anapiga muziki usiku kucha. Mimi ninamwona kijana mtulivu sana.

Sasa nikujibu. Ulitaka huruma, lakini umekosa, na lazima niseme hivyo kwanza.

Marehemu babu yako aliifungua karakana hiyo kwa sharti moja, nasi watoto wake tulilijua kabla ya kujua kushika sindano. Kitu kilichoshonwa pale kikiharibika, kinarudi palepale. Mteja halipi. Fundi aliyekishona ndiye anayekifumua, kwa mkono wake, mbele ya mteja, na halafu anasema kwa sauti kosa lilikuwa wapi. Hairuhusiwi kumwachia msaidizi wala kumwambia mteja arudi kesho. Nilimwona babu yako akifumua begi la mtu aliyemtukana hadharani, akamwambia, "Uzi ulikuwa mbovu, nami niliununua." Yule mtu alirudi kuwa mteja hadi alipokufa.

Wewe umekulia pale. Ukachukua kazi ya baba yako, ukamfunulia mgeni ndani yake, pale stendi au popote palipokuwa. Ungefunga kwa kamba hadi urudi. Mbona viatu ulifunga?

Lakini kuna jambo hukuliandika. Shanta lilipasuka vipi? Mdogo wangu, baba yako, hashoni kitu kinachopasuka. Alipokuja kwangu mwaka jana, mabegi aliyoniletea niliyavuta kwa mikono miwili, hayakutoa hata sauti. Si kwamba ningeisikia.

Nisalimie mama yako. Mwambie viatu vya raba avivae hata ndani ya nyumba.

Shangazi yako


21 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimeipokea barua, na kipigo chake pia nimekipokea. Mama amecheka habari za mpangaji hadi akakaa chini. Viatu vya raba anavivaa, ila anavivua akisikia hodi.

Sisi hatujambo, ukitaka jibu la adabu. Ukitaka la kweli, mimi nina hasira tangu niamke hadi nilale. Chumba changu kimejaa marobota ya turubai na sponji, ninalala katikati yake kama kitu kilichosahauliwa stoo. Benchi langu karakanani Meneja amelifanya ofisi, ameweka kalenda na kikombe cha kalamu, na nikikaa anasema, "Samahani, dada, hapo pana shughuli." Nilianza kumweleza Mama juu ya mji mmoja ambako nililima bustani ya mzee kipofu ili nilale kwenye ghala lake, akaniambia, "Pole, mwanangu," akaenda kuonja mchuzi. Dada wa saluni aliniuliza kama nilipata mchumba. Nilipomwambia sikwenda kutafuta mchumba, akauliza, "Sasa ulikwenda kufanya nini?" Nikafungua mdomo kumjibu, akawasha kikaushio cha nywele.

Wanasema niliishiwa ndipo nikarudi. Sina haja ya kuwabishia.

Baba bado ananipeleka kwa fundi wangu. Juzi alikosea, akalisema neno lenyewe kwa mteja aliyeuliza bei. Mteja akatazama nyuma yake kumtafuta huyo fundi.

Umeuliza shanta lilipasuka vipi. Lilipasuka, basi. Lilibeba mengi.

Nami nina swali langu. Umeandika kwamba Baba alikuja kwako mwaka jana. Hakuna aliyejua hapa. Mama anasema safari ile alikwenda kununua turubai, akakawia kwa sababu duka lilifungwa, na akarudi bila turubai. Alikuja kufanya nini kwako, Shangazi? Wewe unaishi katika mji wenye hospitali kubwa na kiwanda cha sabuni, na sabuni tunayo.

Mwanao,
Kiguu


16 Machi

Binti wa ndugu yangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya goti. Posta niliiona kwa dirisha tu kwa majuma mawili. Mpangaji ndiye anayeninunulia mkate, na majirani wamempelekea barua ya malalamiko ambayo ameniletea mimi nimsomee. Maembe mwaka huu ni machache. Bomba la uani limerekebishwa.

Uzi mweupe mnene unapatikana hapa kwa wingi. Mkihitaji, semeni.

"Lilibeba mengi" si jibu, ni mlango uliofungwa. Ninajua kusikia mlango unaofungwa, hata kwa masikio haya. Usiniandikie tena juu ya kalenda ya Meneja kabla hujaniandikia juu ya mkanda ule.

Baba yako ana haki ya kwenda popote na kumtembelea dada yake.

Shangazi yako


30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama ni mzima, Meneja ni mzima, na pole kwa goti. Leo sitarefusha salamu, utanisamehe.

Nimesoma barua yako yenye maembe na bomba. Nimehesabu kwamba kila kitu kimo isipokuwa nilichouliza. Basi nitakuandikia nilichokataa kukuandikia, na kisha uniambie kama nimekosea.

Nilikuwa ninapanda ngazi za stendi katika mji ambamo nilikusudia kulala siku moja tu. Mkanda wa kushoto ulichomoka begani bila kukwaruzwa na kitu, shanta likabingirika hadi chini. Lilisimama miguuni pa mama mmoja anayeshona viatu pale chini ya ngazi. Hatukujuana lugha. Alilipindua shanta, akafunua mkunjo ambamo mkanda unaingia ndani ya begi, akaniita kwa kidole nitazame. Alama ya chaki ya Baba ilikuwa bado imo ndani ya mkunjo; pale inapofichwa na utepe haifutiki. Alama iko mahali pake. Mshono hauko juu yake. Mshono umenyooka kama rula, mzuri kama mshono wowote wa Baba, lakini umepita kando kwa upana wa kidole, umeshika turubai la juu tu. Mkanda wenyewe ulikuwa haukushonwa, Shangazi. Ulikuwa umeegemezwa. Nilibeba nguo zangu zote mwaka mzima kwa mkanda ulioegemezwa.

Yule mama alinitazama, kisha akajigusa chini ya jicho. Nilielewa.

Akanishonea wa kushoto. Alipogusa wa kulia nilimzuia. Alikasirika, alinionyesha kwamba huo nao utachomoka, nami nikatikisa kichwa, nikaushikilia kwa mkono njia nzima. Nilikuwa na nchi mbili mbele yangu ambazo nilizitamani tangu shuleni. Nilinunua tiketi ya kurudi.

Sikuishiwa. Nilirudi kumwangalia Baba. Na sasa hanisemeshi, kwa sababu nilimruhusu mgeni afunike kosa ambalo siwezi kumwambia ni lake. Nikimwambia, nimemvua nguo. Nisipomwambia, basi sikiliza ninachokuandikia sasa.

Meneja ameleta kazi. Mwisho wa mtaa wetu kuna ghorofa linalopakwa rangi, na wapaka rangi wananing'inia nje yake kwa kamba. Mikanda yao ya kiunoni imechakaa. Meneja amewaahidi mipya. Yeye anakata na kuweka chaki, Baba anashona mkunjo unaoshika pete ya chuma, na Mama anafunika kwa utepe. Ikishafunikwa hakuna wa kuona. Jana nilimtazama Baba akitia uzi kwenye sindano. Alilitafuta tundu kwa ulimi.

Mikanda hiyo itachukuliwa mapema Mei. Alikuja kufanya nini kwako?

Kiguu


19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Sijui kama goti limezidi, au posta imelala, au umeamua kuniandikia tena habari za maembe.

Nimemwambia Meneja. Alisema, "Mshono wa Baba? Wewe uliyekaa huko kuzurura ndiye utakayekagua mshono wa Baba?" Nikamwomba afumue mkanda mmoja tu. Akasema mkanda uliofumuliwa unabaki na matundu na hauuziki, na ameshaahidi. Nimemwambia Mama. Alinisikiliza hadi mwisho, safari hii hakwenda kuonja mchuzi, kisha akasema, "Usimuue baba yako kwa mdomo." Nikauliza, na wale wa kwenye kamba je? Akaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Nilijaribu ujanja. Niliamka mapema, nikakoleza alama zote za chaki, nene kabisa. Baba akashika mkanda wa kwanza, akaupangusa, mikono ikawa myeupe. "Nani amenichorea barabara kwenye turubai?" Akazikung'uta zote. Angalau siku hiyo hakunipeleka kwa fundi wangu. Alinifukuza moja kwa moja.

Asubuhi ninafungua dirisha, ninawaona wapaka rangi kule juu, wanaimba. Mmoja wao hupenda kujirusha kidogo kutoka ukutani ili awachekeshe wenzake.

Kiguu


23 Aprili

Binti wa ndugu yangu,

Marahaba. Barua yako ya Machi nimeipata juzi. Ilikuwa imepotelea katika sanduku la mtu mwingine, naye hakuona haraka. Kwa hiyo hii siipeleki posta. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi, mtu ninayemfahamu tangu alipozaliwa, kwa kuwa ni mimi niliyempokea. Ameapa kuiweka mkononi mwako.

Sitakuandikia baba yako alikuja kufanya nini kwangu. Niliahidi, na ninaandika hivyo ili ujue kwamba lipo nililoahidi. Lakini niliahidi kufunga mdomo. Sikuahidi kufunga akili.

Kosa lako ni kwamba umekuwa ukimwendea kama binti. Binti anaweza kununiwa mwaka mzima, na mdogo wangu ana kifua cha kununa tangu utoto. Kuna mtu mmoja tu ambaye hawezi kumnunia, naye ni mteja aliyerudisha kazi.

Fanya hivi. Chagua siku ambayo yupo mezani na kuna watu. Usipite mlango wa jikoni. Toka nje, zunguka nyumba, ingia kwa mlango wa mbele ukiwa na shanta. Simama upande wa wateja. Sema maneno ambayo babu yako aliwataka wateja wayaseme: "Fundi, kazi yako imerudi." Atakuuliza imekufanya nini. Mjibu hicho alichouliza, usizidishe. Mkanda wa kulia haujaguswa na mtu. Ulifanya vyema kumzuia yule mama, na hilo ndilo jambo la kwanza la busara uliloniandikia tangu Januari. Ataufumua mwenyewe. Sheria haimpi njia nyingine, na yeye hajawahi kuivunja, hata siku aliyomzika baba yetu.

Usimfundishe. Usilie. Na ukiwa upande ule wa meza, usimwite Baba.

Shangazi yako


14 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mpangaji bado ni mtulivu. Kondakta alileta barua, akakataa kuniachia hadi nimtajie majina ya wazazi wote wawili. Mama anakusalimu. Meneja hakusalimu mtu juma hili.

Nilifanya ulivyoagiza. Nilizunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa mbele. Alikuwepo mama mmoja na begi la shule la mtoto wake, na kinyozi wa jirani aliyekuja kuazima mkasi. Baba alikuwa ameinamia mkanda. Nikaweka shanta mezani.

"Fundi, kazi yako imerudi."

Meneja akasema, "Kiguu, umeanza mchezo gani sasa?"

"Nyamaza," Baba akasema. "Mteja anaongea."

Akaja mezani. Hakunitazama usoni, aliangalia mahali palipo na shanta. "Imekufanya nini?"

"Mkanda wa kushoto ulichomoka."

"Wa kushoto muulize fundi wako."

"Wa kushoto umepona. Nimekuja kwa huu wa kulia. Huu hajaushika mtu."

Kinyozi alianza kusema kitu, yule mama akamkanyaga. Baba akachukua wembe. Aliufumua utepe, akafumua mshono tundu kwa tundu, bila haraka, kisha akaufungua mkunjo na kuingiza dole gumba ndani. Mkanda ukatoka peke yake, Shangazi, kama ulimi. Haukushikwa na kitu. Akalipitisha dole gumba kwenye matundu, akarudi, akalipitisha tena. Sikulia. Niliuma shavu kwa ndani hadi nikaonja damu, lakini sikulia.

Sheria inamtaka aseme kosa kwa sauti. Nilidhani safari hii hatasema. Hata Meneja alikuwa ameweka kalamu chini.

"Mshono umepita kando," Baba akasema. Kisha, kama mtu anayemsema mwingine asiyekuwepo: "Fundi hakuiona alama." Akaufuta wembe kwenye aproni. "Meneja, lete mikanda."

"Ipi, Baba?"

"Yote."

Tuliifumua siku hiyo na siku iliyofuata, sote wanne. Mingi ilikuwa haikushika. Mama alifumua tepe zake mwenyewe bila kunitazama. Msimamizi wa wapaka rangi alikuja, akakuta lundo la vipande vyenye matundu, akatuita matapeli mbele ya mtaa mzima. Meneja ndiye aliyetoka kumkabili. Hakumwambia sababu. Alisema kosa ni lake, la ukataji, na kwamba tutaanza upya kwa turubai jipya. Nilimsikia kutoka ndani. Sijamwondolea hasira zangu zote, lakini kalenda yake sitaigusa.

Sasa mimi ninashona na Baba anakagua kwa dole gumba. Usidhani mambo yamekuwa matamu. Ananichosha kupita safari yote. Jana alinifumulia mikanda yangu mitatu mfululizo, wa tatu ulikuwa mzuri, ninaapa ulikuwa mzuri, akasema, "Huu unaniudhi tu." Hajasema pole. Hajasema karibu nyumbani. Amekataa kwenda tena kwa daktari. Ninaandika "tena", nawe unajua kwa nini, wala si wewe uliyeniambia. Anasema nikuandikie kwamba kwa mtu aliyeahidi kunyamaza, unaongea mno. Nilimuuliza amejuaje kwamba uliniandikia. Akasema, "Wateja wameacha kusema maneno yale tangu baba afariki. Aliyebaki kuyakumbuka ni dada na mimi."

Leo asubuhi alikuwa anafumua mshono wangu mwingine. Mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira, ninavuta uzi kama ninamnyonga mtu. Akasema, bila kuinua kichwa:

"Huyo fundi wako."

Nikadhani tumerudi kulekule. Nikaendelea kuvuta uzi.

"Ninakuuliza. Huyo fundi wako alikuwa anashonea juani au kivulini?"

Shangazi, tangu nirudi, hilo ndilo swali la kwanza ambalo mtu wa nyumba hii ameniuliza juu ya safari yangu.

"Kivulini," nikasema. "Chini ya ngazi za stendi. Mwanga ulimjia kwa upande."

"Upande upi?"

"Kushoto."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayekubaliana na mtu wa kazi moja. "Na uzi aliutia nta?"

"Aliutia. Alikuwa na kipande cha mshumaa."

"Ngazi zenyewe," akasema, "za mawe au za chuma?"

Nikasogeza kiti karibu na meza yake, nikamwambia za mawe, na kwamba siku hiyo zilikuwa zimelowa.

Mwanao,
Kiguu